Kipaka Kikala, Jipaka Likala: Ucheshi na Ufundi wa Msimulizi katika Hadithi za Mwambao

1.0 Utangulizi



Nilipopigiwa simu kuulizwa mada, nilijibu kwamba ningependa kuzungumzia paka. Upande wa pili ukawa kimya kwa kitambo, kisha nikaulizwa kwa adabu kubwa kama nilikusudia kusema “mpaka”, yaani mipaka ya isimu na fasihi. La hasha. Nilikusudia paka: huyu anayelala jikoni, anayeiba dagaa, na ambaye juma lote nililokuwa nikiandika karatasi hii aliamua kwamba mahali pazuri pa kulala katika nyumba yangu ni juu ya rasimu.

Hata hivyo, kosa lile la simu halikuwa baya, na nitalirudia baadaye.

Katika mhadhara huu nitajadili namna msimulizi wa mwambao anavyojenga ucheshi, nikitumia hadithi ambamo paka ana sehemu. Hoja yangu ni kwamba kichekesho cha hadithi zetu hakikai katika tukio peke yake. Kinakaa katika sarufi ya msimulizi na katika vinywa vya wasikilizaji. Mtafiti akiviondoa viwili hivyo, hata kwa nia njema ya kuihifadhi hadithi, hubakiwa na tukio lisilomchekesha mtu, na hadithi isiyochekesha haipati wa kuisimulia tena. Nayasema haya kwa ushahidi wa mkosaji. Kosa hilo nililifanya mwenyewe, katika kijiji cha Zinga, mwaka 1986.

2.0 Paka katika Hadithi Zilizoandikwa

Kabla ya kufika Zinga, inafaa tutazame hadithi zilizokwisha kuandikwa. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyepata kuishi Unguja, alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na wenyeji, Kiswahili upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Mwaka 1901 George W. Bateman alichapisha Chicago mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja kwa Kiingereza, na mwaka huohuo Andrew Lang akazitia baadhi ya hadithi zilizotoka kwa Steere katika mojawapo ya vitabu vyake vya watoto. Hivyo, paka wa mwambao alikwisha kuvuka bahari kabla babu zetu wengi hawajavuka mto Ruvu.

Mfano wa kwanza ni hadithi ya Goso, iliyomo katika kitabu cha Bateman. Goso ni mwalimu anayefundisha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda kuiba mabuyu, buyu moja linaanguka, mwalimu anakufa. Wanafunzi wanakwenda kumlipia kisasi. Wanaushika upepo wa kusi. Upepo unajitetea kwamba kama ungekuwa na nguvu usingezuiwa na kiambaza. Kiambaza kinasema kingekuwa na nguvu kisingetobolewa na panya. Panya anamtaja paka anayemla, paka anaitaja kamba inayomfunga, kamba inakitaja kisu, kisu kinautaja moto, moto unayataja maji, maji yanamtaja ng’ombe, ng’ombe anamtaja inzi, na inzi anamtaja paa. Paa peke yake ndiye asiyekuwa na la kujibu.

Tazameni paka alipowekwa. Yuko katikati ya mnyororo, na kwa pumzi mbili tu ni jabari kwa panya na mnyonge kwa kamba. Wasikilizaji wote wanamfahamu kwa sifa hizo mbili, kwa hiyo msimulizi hana haja ya kumweleza. Huo ni ufundi wa kwanza wa mcheshi: mchague mhusika ambaye wasikilizaji wanamjua tayari, kisha mpe nafasi ya kujiaibisha mwenyewe.

Mfano wa pili una paka asiyekuwepo. Hadithi ya Sultani Darai, katika kitabu cha Steere, yafanana kwa mfumo na kisa cha paka mwenye viatu kilichoandikwa na Charles Perrault wa Ufaransa mwaka 1697. Maskini ana mnyama mwenye akili. Mnyama anampelekea mfalme zawadi, anamwongopea kwamba bwana wake ni mtu mkubwa, anamwozesha binti wa mfalme, na anamtwalia jumba la adui mwenye kutisha. Ila kwetu mnyama huyo ni paa, aliyenunuliwa kwa kijisarafu kilichookotwa jaani.

Nadhani ziko sababu za paka kukosa kazi hiyo huku kwetu. Paka wa mwambao hanunuliwi. Huja mwenyewe, nasi twasema paka wa nyumba haingwa. Tena hakuna mtu wa pwani ambaye angesadiki kwamba paka amemtumikia bwana wake kwa uaminifu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Na mwisho wenyewe ni tofauti. Paka wa Perrault anakuwa bwana mkubwa, asiyefukuza panya ila kwa kujifurahisha. Paa wa kwetu anaugua, bwana wake aliyemtajirisha anamtupia uji wa mtama na kukataa hata kwenda kumwona, naye anakufa. Kisha yule bwana anajikuta amerudi jaani, akifukua kama alivyokuwa. Tulicheka tangu mwanzo kwa kuwa maskini alikuwa akifanywa sultani kwa uongo. Mwishoni twagundua kwamba uongo ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ameondoka nao.

Mfano wa tatu ndio mkubwa, na ndio utakaotupeleka Zinga. Nao ni hadithi ya Sultani Majinuni.

3.0 Namna Paka Alivyokuwa Nunda

Sultani Majinuni ana wana saba. Sita wana sifa mjini. Wa mwisho ni mkaa jikoni asiyehesabiwa na baba yake. Sultani anaye pia paka. Siku moja paka anakamata ndama. Watu wanashitaki, Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, waache. Paka anakamata mbuzi, jibu ni lilelile. Ng’ombe, punda, farasi, ngamia: jibu ni lilelile. Paka anatoka mjini, anakaa porini na kula watu. Jibu halibadiliki. Halafu anawala wana watatu wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda.

Hapo nalirudia lile kosa la simu. Maneno “paka” na “mpaka” yamekutana kwa sauti tu, lakini msimulizi wa Zinga hakuiachia nafasi hiyo ipite. Alikuwa akituambia watoto kwamba Sultani alimpa paka wake kila kitu isipokuwa mpaka.

Kijana wa jikoni anatoka kumwinda nunda, naye hajapata kumwona. Anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda mla watu. Mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi porini, analeta fungo, siye. Analeta pundamilia, analeta twiga, analeta kifaru, analeta tembo, siye. Mwishowe anampata nunda amelala, akiwa na masikio madogo na mwili mpana, anamuua, na mama anaimba kwamba ndiye.

Ucheshi wa hadithi hii umejengwa kwa njia tatu.

Kwanza, takriri. Jibu la Sultani likirudiwa mara ya tatu, watoto hulisema kabla ya msimulizi. Mara ya kwanza jibu hilo ni la mtu mkarimu, mara ya nne ni la mpumbavu, mara ya nane ni la mtu wa kuogopwa, ilhali hakuna neno lililobadilika. Kinachobadilika ni kile kilicholiwa.

Pili, tofauti ya maarifa. Msikilizaji alimwona nunda angali mdogo, kwa hiyo anajua kwamba anayetafutwa ni paka. Kijana hajui. Basi kila mnyama anayeletwa ni mkubwa kuliko aliyetangulia, na kila mkubwa anapoletwa kijana yuko mbali zaidi na ukweli. Mtoto wa miaka sita aliyeketi mkekani anajiona ana akili kuliko shujaa. Sijui zawadi kubwa zaidi ambayo msimulizi aweza kumpa mtoto.

Tatu, sarufi, na hii ndiyo sehemu yangu. Hadithi zetu huendeshwa na kiambishi -ka-. Hata mwitikio wetu wa kufungulia hadithi umekibeba: msimulizi husema “Paukwa!”, wasikilizaji wakaitika “Pakawa!” Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataligawa neno hilo kuwa pa-ka-wa. Watoto wa Zinga waliligawa paka-wa, na kulia “nyau!” mwishoni. Kwa miaka mingi niliuona mchanganuo wao kuwa kosa. Siku hizi nawapa alama nusu.

Jina “paka” nalo lina tabia yake. Kwa umbo limo katika ngeli ya tisa na ya kumi, lakini kwa kuwa ni la kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza na ya pili: paka amelala, paka wamelala. Hivyo ndivyo tunavyofundisha, na ni sahihi. Lakini msimulizi niliyemsikia utotoni alianza hivi: “Kipaka kikala ndama, kikalala.” Alipofika kwenye ng’ombe alisema: “Paka akala ng’ombe, akalala.” Na paka alipotoka mjini: “Jipaka likala watu, likalala.” Alipaza sauti kwenye li- na kuitua polepole. Watoto wadogo waliokuwa nyuma walisogea mbele.

Hakutumia kivumishi hata kimoja. Hakutuambia kwamba paka alikuwa mdogo, kisha wa wastani, kisha mkubwa wa kutisha. Kitenzi ni kilekile, kula na kulala, vilivyotenganishwa na silabi moja. Mnyama alikua kwa viambishi vya upatanisho peke yake: ki-, a-, li-. Lugha isiyo na ngeli ingehitaji sentensi kadhaa kuifanya kazi hiyo, na kichekesho kingekwisha kuzimika kabla sentensi hazijaisha.

4.0 Kanda ya Zinga

Zinga iko kusini ya mji wa Bagamoyo, kandokando ya barabara itokayo Dar es Salaam. Upande wa bahari ziko Mbegani na Mlingotini, na ukielekea mjini unapita karibu na magofu ya Kaole. Nilipokuwa mtoto hadithi zilisimuliwa usiku, kibatari kikiwaka, wanawake wakisuka ukili. Mchana ilikuwa mwiko. Tuliambiwa atakayesimulia hadithi mchana ataota mkia. Nilipata kumwuliza bibi yule kama ni kwa sababu hiyo paka ana mkia. Alinijibu kwamba paka ana mkia kwa sababu hafanyi kazi mchana wala usiku.

Mwaka 1986 nilirudi Zinga nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili, na kinasa sauti, betri za akiba, na hojaji. Nilikuwa nikikusanya matini kwa ajili ya kitabu cha kusomea. Bibi yule alikuwa hai, amezeeka, lakini sauti ilikuwa ileile. Nilimwomba hadithi ya nunda.

Niruhusuni niyataje makosa yangu kwa utaratibu, kama tunavyowataka wanafunzi wafanye.

Nilimtaka asimulie saa nne asubuhi, kwa kuwa usiku wadudu wangeingia kandani. Alikubali, akafunga fundo katika ncha ya kanga yake, kinga dhidi ya mkia. Niliwaondoa watoto, kwa kuwa vicheko vyao vilikuwa vikiharibu usikivu. Alipoanza jibu la Sultani kwa mara ya nne nilimwashiria kwa mkono kwamba hiyo nimeshaipata, aendelee. Na aliposema “kipaka kikala”, nilisimamisha kanda.

Nilimwambia, “Bibi, shikamoo tena, naomba radhi. Paka ana uhai. Tuseme ‘paka akala’, mwanzo hadi mwisho, ili wanafunzi wasichanganyikiwe.”

Alinitazama. Kisha akasema, “Haya, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyesoma.”

Kanda hiyo ninayo hadi leo. Ina dakika kumi na moja. Paka akala ndama, paka akala ng’ombe, paka akala watu. Hakuna anayecheka. Wimbo wa mama umeimbwa mara moja tu, haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya bidhaa. Mwishoni, kabla sijabonyeza kitufe, bibi anasikika akisema kwa upole: “Paka wako huyu, mjukuu wangu, hatakuwa nunda.”

Niliidhani ni kauli ya uchovu. Nikaweka lebo juu ya kanda, nikaondoka. Alifariki kabla sijarudi tena, na mimi nilikuwa nimekwisha kupata shahada.

5.0 Kumtafuta Nunda Mahali Pasipo Pake

Ningeweza kujitetea kwamba nadharia ilikuwa haijafika. Utetezi huo haufai. Ni kweli kwamba M. M. Mulokozi alichapisha katika jarida la Mulika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi mwaka 1989, miaka mitatu baada ya kanda yangu, akisisitiza kwamba fani ya kisimulizi haieleweki bila fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati wake. Lakini Steere, katika dibaji ya mwaka 1870, alikwisha kueleza kwamba hadithi za wenyeji huwa na kibwagizo ambacho wote hukiimba kwa pamoja, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika nyimbo hizo. Mmisionari mwenye kalamu na wino aliliona jambo ambalo mimi, mwenyeji mwenye kinasa sauti, nililifukuza uani.

Najiliwaza kidogo kwamba sikuwa peke yangu. William Hichens, ambaye wanafasihi wanamheshimu kwa kuhariri Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka mwaka 1940, alipata kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni upande wa Lindi katika miaka ya 1920. Mwaka 1937 aliandika makala juu ya wanyama wa ajabu wa Afrika, na mmoja wao alikuwa mngwa, ambaye pia huitwa nunda: paka mkubwa wa kijivu aliyesemekana kuua watu usiku. Alieleza kwa makini nyayo na manyoya yaliyoonekana. Baadaye wako waliojiuliza kama mnyama huyo yupo kweli. Sitaingia katika ubishi huo. Nasema tu kwamba kila mmoja wetu alitoka porini akiburura mnyama wake na kuimba kwamba amempata. Mwingine nyayo, mwingine matini, mwingine kanda ya dakika kumi na moja. Na mama jikoni anajibu kwamba siye.

Kamusi zetu zasema nunda ni mnyama mkali wa jamii ya paka, na pia ni mtu katili. Maana hiyo ya pili ndiyo inayonifanya nikatae kuiita hadithi hii ya watoto. Nunda hakutoka porini. Alilelewa, akalishwa, akatetewa, na kila aliyeshitaki aliambiwa kwamba mali si yake. Sultani hakuziona nyara zilizoliwa hadi zilipokuwa na majina ya wanawe. Watu wa mwambao walilisema hilo kuhusu wenye nguvu mbele ya watoto na wageni, na hakuna aliyeshitakiwa, kwa sababu walilisema kwa kuchekesha. Watunzi wetu wa vichekesho vya jukwaani na vya televisheni, waliokuja na magwiji kama marehemu Amri Athumani, maarufu King Majuto, wanafanya kazi katika uwanja huohuo. Idara zetu hufundisha tanzia kwa mihula, na ucheshi kwa saa moja kabla ya mtihani. Hilo nalo ni kosa.

6.0 Hitimisho

Miaka michache iliyopita nilirudi Zinga na kanda ile, ikiwa imehamishiwa kwenye kompyuta. Viwanja vingi vimepimwa, wengi wamehamia kutoka Dar es Salaam. Nilimpata mjukuu wa bibi, ambaye sasa naye anaitwa bibi. Tuliisikiliza pamoja, watoto wakiwa wametuzunguka. Aliitambua sauti, akalia kidogo. Ilipofika “paka akala ndama”, alikunja uso.

“Amekosea,” alisema. “Bibi hakuwa akisema hivyo.”

Nilimweleza nani aliyekosea. Akaniambia niizime. Akaanza yeye, “Paukwa!”, watoto wakaitika, nao hawakuwa na uhakika mara ya kwanza. Kipaka kikala ndama, kikalala. Alipofika kwenye jipaka mtoto mmoja alipiga kelele, wengine wakacheka, na mkeka mzima ukasogea. Kinasa sauti changu kilikuwa mfukoni, nacho safari hii nilikiwasha bila kumsimamisha mtu.

Sikuyapata yote. Wimbo wa mama anaukumbuka kwa sauti tu. Maneno yake yamepotea isipokuwa lile jibu la mwisho, na maneno hayo yalikuwa katika kanda yangu kama ningemwacha bibi aimbe mara nane. Nayataja haya ili wanafunzi mlio hapa mjue kwamba hasara ya mtafiti mwenye haraka hailipiki kwa kuomba radhi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Mosi, tunaponukuu hadithi tuviandike vicheko, viitikio na kimya mahali vilipotokea, kama tunavyoandika maneno. Pili, tusisanifishe upatanisho wa msimulizi kabla ya kujiuliza anaufanyia kazi gani. “Kipaka kikala” si kosa la ngeli, ni hatua ya kwanza ya nunda. Tatu, kanda zilizolala katika makabati ya idara zetu zirudishwe vijijini zilikotoka wakati wangalipo watu wa kutuambia tulipokosea.

Nami nitarudi Zinga mwezi ujao, usiku, bila hojaji. Nimeambiwa Mlingotini yuko mzee anayekumbuka wimbo.